Mtoto Aliyeumia na Damu Inayokataa Kuganda: Tuanze na Damu Nzima, Mazao ya Damu, au Dawa?

Mtoto wa miaka sita aliyegongwa na bodaboda ana kilo 20 hivi. Kwa hesabu ya mililita 70 hadi 80 kwa kila kilo, damu yake yote ni kama lita moja na nusu. Akimwaga mililita 450, ujazo ambao mtu mzima anauchangia kisha anakunywa soda yake na kwenda zake, mtoto huyu ameshapoteza karibu theluthi ya damu aliyo nayo. Presha yake inaweza bado kusomeka vizuri, kwa sababu mishipa ya watoto hujibana kwa nguvu na kuificha hasara hiyo hadi dakika za mwisho. Anayesubiri presha ishuke ndipo aanze kuitafuta damu amekwishachelewa. Tazama mapigo ya moyo, ubaridi wa miguu, na macho ya mtoto anayeanza kutojali anachofanyiwa.

Kuvuja kwenyewe ni nusu tu ya shida. Nusu nyingine ni kwamba damu iliyobaki nayo inaacha kuganda. Sababu za kwanza zimo mwilini mwake: nyama zilizopondeka na mshtuko wa kukosa damu huamsha mfumo wa kugandisha ovyo, protini zake zinatumika zikaisha, na mfumo wa kuyeyusha mabonge unaanza kazi kabla ya wakati. Akiwa ameumia kichwa mambo huzidi, maana ubongo uliojeruhiwa huachia vichocheo vingi vya kuganda. Sababu za pili tunazileta sisi wenyewe: dripu za baridi zinazoizimua damu, nguo zilizolowa ambazo hakuna aliyezivua, na mifuko ya damu yenye sitreti, dawa ya kuzuia damu isigande mfukoni, ambayo hunasa kalsiamu.

Ulinganisho huu ni kwa walio zamu: daktari wa hospitali ya wilaya mwenye friji moja ya damu, tabibu wa kituo cha afya chenye thieta, na mwenzao wa hospitali ya rufaa ambako plazma (maji ya damu yenye protini za kugandisha) na chembe sahani (chembe ndogo zinazoziba jeraha) zinapatikana kwa kupiga simu. Dozi nilizotaja ni za kuanzia. Mwongozo wa hospitali yako na mkubwa wako wa zamu ndio wenye neno la mwisho. Mzazi uliyefika hapa kwa kutafuta msaada, kazi yako ni nyingine: kandamiza jeraha kwa kitambaa safi bila kukifunua kila mara kuchungulia, mfunike mtoto, usimpe aspirini wala diklofenaki, kimbia hospitali.

Msimamo wangu nautanguliza. Kwa mtoto anayevuja, tiba bora ni ile itakayoingia mshipani mwake ndani ya saa ya kwanza. Miongozo mingi ya nchi tajiri inaorodhesha vitu sita kana kwamba vyote viko kwenye kabati moja, na sisi tunaisoma kwa unyonge kana kwamba bila orodha kamili hakuna tiba.

Dripu ya maji au damu?

Hapa mjadala ni mfupi. Ringa lakteti, dripu ya maji yenye chumvi, ipo kila mahali, haihitaji friji wala kupima kundi, na inapandisha presha upesi. Lakini haibebi oksijeni, haina hata protini moja ya kugandisha, na kila mililita inazidi kuzimua kidogo kilichobaki. Mwongozo wa ATLS, mafunzo ya kimataifa ya kuhudumia majeruhi, toleo la 10 la mwaka 2018, unaruhusu mililita 20 kwa kilo mara moja, kisha damu. Zamani tulifundishwa kurudia mara mbili na zaidi kabla ya kufikiria damu, na bado nakutana na majalada yenye lita mbili za maji kwa mtoto wa kilo 15.

Wengi wetu tunaukumbuka utafiti wa FEAST, uliofanyika Kenya, Uganda na Tanzania na kuchapishwa mwaka 2011. Kati ya watoto 3,141 wenye homa kali na mzunguko hafifu wa damu, waliomiminiwa maji kwa kasi walikufa wengi zaidi ndani ya saa 48: asilimia 10.6, dhidi ya asilimia 7.3 ya wasiomiminiwa. Majeruhi hawakuwamo, kwa hiyo usiutumie kama ushahidi wa moja kwa moja kwa mtoto aliyeanguka mwembeni. Ulichotufanyia ni kutuvua ile imani kwamba maji, hata yakizidi, hayana ubaya.

Kama huna damu kabisa, toa maji kidogo kidogo, yenye uvuguvugu, ya kutosha mtoto abaki na fahamu na mapigo ya mkononi yashikike. Aliyeumia kichwa ni tofauti: yeye presha isiachwe ishuke, maana ubongo wake unaumia mara ya pili.

Damu nzima au mazao ya damu?

Hili ndilo swali lenyewe, na ndilo linalotugawa.

| Jambo | Damu nzima | Mazao yaliyotenganishwa |
|---|---|---|
| Kilichomo | Chembe nyekundu, plazma na chembe sahani katika mfuko mmoja | Kila kimoja na mfuko wake |
| Uhifadhi | Nyuzi 2 hadi 6, siku 35 ikiwa na dawa ya kuhifadhia iitwayo CPDA-1 | Chembe nyekundu hadi siku 42. Plazma chini ya nyuzi 18 hasi hadi mwaka mmoja. Chembe sahani nyuzi 20 hadi 24 kwa siku 5 tu |
| Kuanza kutumika | Mara ikishapimwa | Plazma iyeyushwe kwanza, nusu saa hivi |
| Kundi la damu | Lifanane na la mtoto, au O yenye kingamwili chache | Chembe nyekundu za O na plazma ya AB zinafaa kwa yeyote |
| Dozi ya kuanzia | Mililita 20 kwa kilo | Chembe nyekundu 10, plazma 10 hadi 15, chembe sahani 10 hadi 15, zote mililita kwa kilo |
| Udhaifu | Nguvu ya kugandisha hupungua kadiri inavyokaa | Inahitaji mifuko mingi, watu wengi na friji za aina tatu |

Jedwali linaonyesha kama mizani imelala sawa. Hailali sawa ukifanya hesabu ya kilichomo. Mfuko wa damu nzima una mililita 450 za damu na mililita 63 za dawa ya kuzuia isigande ndani ya mfuko. Ukichukua damu hiyo ukaitenganisha, ukaongeza vimiminika vya kuhifadhia, kisha ukairudisha kwa mgonjwa mfuko mmoja mmoja kwa uwiano sawa, unapata mchanganyiko wenye hematokriti (sehemu ya damu iliyo chembe nyekundu) ya asilimia 29 hivi, chembe sahani chini ya elfu 90 kwa maikrolita, na nguvu ya kugandisha kama theluthi mbili ya ile ya kawaida. Hapo kila kitu kimekwenda sawa. Huwezi kumpa mtoto mazao kwa uwiano wa 1:1:1 ukapata kilicho bora kuliko damu nzima mbichi; unaweza tu kukaribia.

Ndiyo maana majeshi yalirudi kwenye damu nzima, na baadhi ya hospitali za watoto zikafuata. Hospitali ya watoto ya Pittsburgh, Marekani, ilianza mwaka 2016 kuwapa watoto majeruhi damu nzima ya O yenye kingamwili chache. Walichoripoti kwanza kilikuwa cha kawaida mno: mtoto alipata chembe nyekundu, plazma na chembe sahani mapema zaidi, kwa kuwa zote zilifika kwa pamoja. Ripoti zao za baadaye, zilizolinganisha watoto waliofanana kwa hali, zilionyesha asidi iliyozidi damuni ikitulia haraka na haja ya plazma na chembe sahani za ziada ikipungua. Hizo si tafiti za kugawa wagonjwa kwa bahati nasibu nani apate nini, na watoto walikuwa wachache. Upande wa watu wazima, utafiti wa PROPPR wa mwaka 2015 wenye wagonjwa 680 ulilinganisha uwiano wa mazao: vifo vya jumla havikutofautiana sana, ila waliopata plazma na chembe sahani nyingi mapema walikufa wachache zaidi kwa kuvuja katika saa 24 za kwanza, asilimia 9.2 dhidi ya 14.6.

Sasa turudi kwetu. Damu nzima ya Pittsburgh na damu nzima ya hospitali ya wilaya Afrika Mashariki zina jina moja, lakini tarehe kwenye mfuko ndiyo inayoamua. Protini namba tano na nane hupungua siku hadi siku, na chembe sahani za kwenye friji hudhoofika. Mfuko wa siku tano bado unasaidia kugandisha. Mfuko wa siku 30 umekaribia kuwa chembe nyekundu tu zilizoogelea kwenye plazma iliyochoka, tena wenye potasiamu nyingi, jambo la hatari ukiisukuma kwa kasi kwenye moyo wa mtoto mdogo. Kwa hiyo unapoagiza, usiseme "naomba damu O". Sema "naomba iliyo mpya kuliko zote, ni ya mtoto anayevuja". Mtu wa maabara hawezi kubashiri hilo, na kawaida yake ni kutoa kwanza iliyo karibu kuisha muda.

Kuhusu kundi, tofauti ni kubwa kuliko wanavyodhani wengi. Chembe nyekundu za O unaweza kumpa yeyote. Damu nzima ya O ina plazma yenye kingamwili dhidi ya A na B, na kama kingamwili hizo hazijapimwa wingi wake, mtoto wa kundi A au B anaweza kupasukiwa chembe zake. Kupima kundi kwenye kigae kunachukua dakika chache tu. Krosmachi kamili, yaani kulinganisha damu ya mfuko na ya mtoto, ndiyo inayokula kama saa. Kwa hiyo ukiwa na damu nzima pekee, pima kundi, toa inayofanana, na krosmachi iendelee huku damu inaingia kama hali hairuhusu kungoja. Kuhusu wenye Rhesi hasi (ile hasi au chanya inayofuata kundi la damu), kwetu ni wachache na friji nyingi hazina mfuko wa O hasi. Mvulana mpe chanya bila kusita. Msichana mwenye Rhesi hasi anaweza kutengeneza kingamwili zitakazosumbua mimba zake za baadaye, lakini ili abebe mimba ni lazima kwanza apone.

Ndugu wakijitokeza kuchangia, wapokeeni, ila mfuko wa baba usiende moja kwa moja kwa mwanawe. Chembe nyeupe za ndugu wa damu zinaweza kukubaliwa na mwili wa mtoto kisha zikaanza kuushambulia; ni nadra, lakini ikitokea huua karibu kila mara, na kinga yake ni kuipiga damu mionzi, huduma ambayo hospitali nyingi hazina. Damu ya baba iingie benki, mtoto apewe ya mtu baki. Na hata damu ya dharura inayotolewa hapo hapo ikiwa bado ya moto lazima ipite vipimo vya haraka vya virusi vya UKIMWI, homa ya ini B na C, na kaswende. Vipimo hivyo havimnasi aliyeambukizwa majuzi, ndiyo maana njia hii ni ya mwisho.

Basi mazao yana nafasi gani? Kubwa. Kwanza, uchangiaji hautoshi, na mfuko mmoja ukitenganishwa unahudumia zaidi ya mgonjwa mmoja. Mtoto mwenye upungufu wa damu kwa malaria hahitaji plazma wala chembe sahani. Anahitaji chembe nyekundu. Benki ya damu ikiacha kutenganisha ili kuwafurahisha watu wa majeruhi, itawanyima wengine. Pili, baada ya kuvuja kudhibitiwa, mtoto hana tena upungufu wa kila kitu. Huyu ana chembe sahani elfu 30 na anasubiri upasuaji wa kichwa, yule faibrinojeni yake, protini inayofuma bonge la damu, imeanguka. Hapo mfuko mmoja mahususi unafanya kazi ambayo damu nzima ingeifanya kwa kumjaza maji mapafuni. Krayo, sehemu ya plazma yenye faibrinojeni nyingi katika ujazo mdogo, ni mali sana kwa watoto kwa sababu hiyo. Ila nayo isitolewe kwa mazoea: CRYOSTAT-2, utafiti wa mwaka 2023 wenye wagonjwa 1,604 ambao hawakuwa watoto, ulimpa kila mmoja wa kundi moja krayo mapema bila kupima, na vifo havikupungua.

Tatu, umbali unaweza kufupishwa. Rwanda ilianza mwaka 2016 kusafirisha damu kwa droni za Zipline kutoka Muhanga, zikidondosha plazma na chembe sahani hata kwenye hospitali zisizo na friji za kuzihifadhi. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2022 ulikuta damu ikifika mapema kwa zaidi ya saa moja kuliko kwa gari, na mifuko inayoisha muda ikipungua kwa theluthi mbili. Aliye na huduma ya namna hiyo anaweza kuchagua mazao bila hospitali yake kuwa kubwa.

Ukiniuliza kwa hospitali ya wilaya isiyo na droni: damu nzima mpya, kundi sawa, mililita 20 kwa kilo, ikipashwa joto. Sioni haya kulisema hilo mbele ya bingwa yeyote.

Asidi ya traneksamiki: kuitoa au kuiacha?

Dawa hii, TXA kwa kifupi chake cha wodini, ni ya miaka ya 1960, kazi ya Shosuke na Utako Okamoto wa Japani. Inazuia mabonge kuyeyuka mapema. Ni ya bei nafuu, inakaa kabatini bila friji, na haihitaji kundi la damu. Kwa mtoto wa wilaya, hiyo peke yake inaiweka mbele ya nyingi.

Ushahidi mzito ni wa watu wazima. Utafiti wa CRASH-2, mwaka 2010, ulikuwa na majeruhi 20,211 kutoka nchi 40, na vifo vilishuka kutoka asilimia 16.0 hadi 14.5. Uchambuzi wa mwaka uliofuata ndio ulioweka saa ukutani. Waliopewa ndani ya saa moja, vifo vya kuvuja vilikuwa asilimia 5.3 badala ya 7.7. Kati ya saa moja na tatu, 4.8 badala ya 6.1. Baada ya saa tatu hesabu iligeuka: 4.4 kwa waliopewa dawa, 3.1 kwa wasiopewa. Dawa ile ile, mgonjwa yule yule, saa tofauti.

Kwa watoto tunao ushahidi mwepesi zaidi. Katika hospitali ya kijeshi ya Camp Bastion, Afghanistan, kumbukumbu za watoto 766 zilizochapishwa mwaka 2014 zilionyesha kuwa wachache waliopewa TXA, chini ya mmoja kwa kumi, walikuwa na uwezekano mdogo wa kufa hali zao zikilinganishwa. Wanaosita nao wana hoja: baadhi ya watoto, hasa walioumia kichwa, huonekana kwenye vipimo kuwa mfumo wao wa kuyeyusha umekwisha kujifunga wenyewe, na kumfungia aliyefungwa hakuna faida. Dozi kubwa pia inaweza kuleta degedege. Nawaelewa, lakini hoja hiyo ina nguvu zaidi kwa mwenye mashine ya kuona hali hiyo ndani ya dakika 15. Asiye nayo, mwenye mtoto anayevuja wazi na saa tatu hazijaisha, namshauri aitoe.

Dozi inayotumika sana ni miligramu 15 kwa kilo, isizidi gramu moja, kwa dakika 10, ikifuatiwa na miligramu 2 kwa kilo kila saa kwa saa nane. Mtoto wetu wa kilo 20 anapata miligramu 300, yaani mililita 3 za ampuli ya miligramu 100 kwa mililita, halafu miligramu 40 kwa saa. Ukiisukuma haraka presha inaanguka. Na tafadhali, ampuli hizi zisikae droo moja na dawa ya ganzi ya uti wa mgongo. Zinafanana, na Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari mwaka 2022 baada ya watu kuchomwa TXA mgongoni kwa makosa. Huko inaua.

Kupima: INR, mashine ya kitandani, au mrija wa kioo?

INR, kipimo cha muda wa damu kuganda, na hesabu ya chembe sahani zinapatikana hospitali nyingi za mkoa. Majibu huchukua saa moja au zaidi, na INR haioni chembe sahani wala kuyeyuka kwa mabonge. Faida yake ni katika kutabiri: INR iliyopanda mtoto anapoingia mlangoni inaashiria hatari, na imo ndani ya alama ya BIG ya kukadiria hatari ya kifo, inayojumlisha upungufu wa besi (kipimo cha asidi kuzidi damuni), INR mara 2.5, na 15 ukitoa alama ya fahamu ya Glasgow. TEG na ROTEM, ndizo mashine za kitandani, zinachora bonge likizaliwa na likifa, majibu ya kwanza ndani ya dakika 10 hadi 15. Ni nzuri sana, ni ghali sana, na vitendanishi vikiisha inabaki pambo.

Mrija wa kioo watu wa mikoa yenye nyoka wanaufahamu. Mililita mbili za damu ya mshipa kwenye mrija mkavu na safi wa kioo, uachwe dakika 20 bila kuguswa, kisha uinamishwe mara moja. Ikimwagika kama maji, faibrinojeni imekwisha. Mrija wa plastiki hauna maana hapa, kwa sababu kioo ndicho kinachoamsha kuganda, na mrija uliooshwa kwa sabuni unadanganya. Kwa majeruhi kipimo hiki kinasema ukweli kikisema vibaya: damu isipoganda, kuna tatizo kubwa. Ikiganda hujathibitisha usalama, maana upungufu wa wastani hakiuoni. Kiweke mrija, anza tiba, rudi kukitazama.

Hakuna kati ya hivi vitatu kinachostahili kumsubirisha mtoto anayevuja mbele yako.

Vinavyosahaulika na vinavyotolewa bure

Vitamini K ndiyo sindano ninayoiona ikitolewa bila sababu kuliko zote. Inasaidia pale tu mwili umeikosa: mtoto mchanga asiyechomwa ile miligramu moja ya kuzaliwa, mwenye ugonjwa wa ini, aliyekula sumu ya panya. Tena huchukua saa kadhaa kufanya kazi. Kwa mtoto mwenye afya aliyepasuka wengu jioni hii, haina madhara makubwa ila inampa daktari hisia kwamba amefanya kitu.

Kalsiamu ni kinyume chake: inahitajika na inasahaulika. Sitreti ya kwenye mifuko huinasa, na bila kalsiamu mnyororo wa kugandisha haushikani wala moyo haubani vizuri. Baada ya mifuko kuanza kuingia kwa kasi, kalsiamu glukoneti ya asilimia 10, nusu mililita kwa kilo, polepole, kwenye mshipa usiopitisha damu. Kalsiamu kloridi ina nguvu kama mara tatu kwa ujazo ule ule na huunguza nyama ikivuja nje ya mshipa, kwa hiyo kwa kanula ndogo ya mkononi mwa mtoto naipa glukoneti nafasi ya kwanza.

Joto halina mshindani wala gharama. Mtoto ana ngozi nyingi ukilinganisha na uzito wake, anapoa upesi kama chai kwenye sahani. Mwili ukishuka chini ya nyuzi 35, protini za kugandisha zinalegea hata kama zimejaa tele. Vua nguo zilizolowa, mfunike hadi kichwa, zima feni ya thieta, pasha damu na dripu. Usiweke mfuko wa damu kwenye maji ya moto ya jikoni, chembe hupasuka.

Kijana mkubwa: shida iliyogeuka

Siku chache baada ya ajali, baadhi ya watoto wanahamia upande wa pili, damu inaganda isipotakiwa. Kwa walio chini ya umri wa kubalehe ni nadra, isipokuwa wenye mpira kwenye mshipa mkubwa. Kijana wa miaka 15 au zaidi aliyevunjika nyonga na kulala wiki nzima ndiye wa kufikiriwa enoksaparini ya kinga, sindano ya kuzuia damu isigande, kuvuja kukishakoma. Mtoto wa miaka mitano mwamshe tu kitandani.

Akiwa na hemofilia, utaratibu wote unageuka

Hemofilia A, ugonjwa wa kukosa protini ya kugandisha namba nane (fakta ya nane), huzaliwa nayo mvulana mmoja kati ya 5,000 hivi, na wengi kwetu hawajui kuwa wanayo hadi tohara au ajali. Muulize mama: alivuja sana alipotahiriwa? Magoti huvimba bila sababu? Wajomba zake upande wa mama je? Jibu likiwa ndiyo na kichwa kimegongwa, fakta inatangulia picha ya kichwa. Yunti moja kwa kilo ya fakta ya nane hupandisha kiwango kwa asilimia mbili, hivyo yunti 50 kwa kilo zinakaribia mia kwa mia. Kwa hemofilia B, fakta ya tisa hupandisha asilimia moja tu kwa yunti. Usipokuwa nazo, krayo ina fakta ya nane lakini haina ya tisa. Plazma inazo zote mbili kwa uchache. Damu nzima hapa ni chaguo dhaifu, kwa sababu ungemjaza hadi afurike kabla kiwango hakijafika unapotaka. Hospitali zenye kliniki za hemofilia, kama Muhimbili Dar es Salaam na Moi ya Eldoret, hupokea fakta za msaada kupitia Shirikisho la Hemofilia Duniani, kwa hiyo simu yako ya kwanza iende huko, hata kabla ya gari kupatikana.

Mtoto akisafirishwa

Kama wewe ni kituo kidogo na rufaa haiepukiki, TXA itoke kwako, isingoje hospitali kubwa iliyo saa mbili mbele. Mfuko wa damu usafiri ukiwa umeshaunganishwa, na nesi aketi upande wa kanula. Kwenye karatasi ya rufaa andika saa ya ajali, saa ya TXA, uzito, mililita za maji, na tarehe ya kila mfuko wa damu uliotoa. Bila saa ya ajali wenzako hawawezi kuamua kama saa tatu zimeisha. Chukua pia sampuli ya damu ya mtoto kabla ya kumpa mfuko wa kwanza wa O, iandike jina, na uifunge pamoja na karatasi, maana baada ya mifuko miwili kundi lake halisi litakuwa gumu kusomeka.